Upande wa Ziwa

Saa moja na nusu asubuhi Pelagia alikuwa ameshachota ndoo mbili za mchanga ufukweni, ameuchekecha kwa kipande cha wavu wa dagaa na kuumwaga juu ya meza. Mchanga wa jana ulikuwa umeliwa na upepo. Ndivyo ilivyokuwa kila siku, ziwa linatoa mchanga, upepo unauchukua, na Pelagia anarudi na ndoo zake. Katika shule shikizi ya Kyaburome, tawi dogo la shule mama ya mbali, hicho ndicho kilikuwa kifaa pekee cha kujifunzia ambacho hakikuhitaji barua ya maombi. Chaki aliacha kununua tangu mwezi wa tano mwaka jana, bei ilipopanda mara ya pili ndani ya muhula mmoja. Ubao wenyewe ulikuwa umepasuliwa na dhoruba ya Machi ya mwaka huo huo, na vipande vyake mtu aliviona vinafaa kupikia.

Shule yenyewe ilikuwa bati juu ya nguzo kumi, bila ukuta. Chini ya bati palikuwa na meza moja tu, ndefu kama boti, na kwa kweli ilikuwa boti. Mbao zake zilitoka kwenye boti ya Masatu, mvuvi wa pale kitongojini. Kwenye ubao wa pembeni rangi ya bluu ilikuwa bado inaonekana, pamoja na nusu ya namba ya usajili. Masatu aliibomoa kwa mikono yake miaka miwili iliyopita, wiki moja baada ya kumzika mwanawe Fredi.

Fredi alikuwa na miaka saba. Alikuwa anatoka shule mama, kilomita sita, na mvua ilikuwa imenyesha milimani. Kijito kile ambacho asubuhi alikivuka maji yakiwa kifundoni, mchana kilikuwa kimejaa. Alipatikana siku ya tatu kwenye matete. Masatu wakati huo alikuwa kwenye kambi ya wavuvi, kisiwani Rukuba, anavua dagaa ili amnunulie huyo huyo mtoto viatu. Aliporudi alisema boti haina kazi tena. Mbao ziwe meza, na Recho, mdogo wake Fredi, asome hapa hapa. Tangu siku hiyo Masatu anavua kwenye boti za watu, yeye aliyekuwa mwenye boti.

Basi wazazi wakachanga bati, na Pelagia, aliyemaliza kidato cha nne akarudi nyumbani kukaa bila kazi, akaombwa awe mwalimu. Malipo yake yalikuwa kisado cha dagaa au mihogo, kutegemea ziwa limeamkaje. Serikali ililitambua darasa kwa barua yenye mhuri na kuligawia kitabu kimoja. Si kitabu kimoja kwa kila mtoto. Kitabu kimoja, watoto thelathini na mmoja.

“Mwalimu shikamoo!”

“Marahaba. Kila mtu mahali pake.”

Kila mtu alikuwa na mahali pake kweli, na ole wako ukimchukulia. Nusu ya watoto walisimama upande wa kanisa la kitongoji, wakiligeuzia mgongo na kulitazama ziwa. Nusu nyingine walisimama upande wa ziwa, wakitazamana na wenzao. Pelagia alisimama upande wa kanisa, kwa sababu upande ule mwingine bati lilikuwa limeinama na mtu mzima alikuwa anagonga kichwa. Kitabu alikiweka katikati, amekibana na jiwe, na akakisogeza taratibu kutoka kichwa cha meza hadi mkiani, watoto wanne huku na wanne kule, herufi moja kwa siku. Kila mtoto aliitazama, akaitamka, kisha akaichora kwa kidole kwenye mchanga uliokuwa mbele yake.

“Hii ni nini?”

“Ke!”

“Ke ya nini?”

“Ke ya kamongo!”

Alipita akiangalia. Wa upande wake aliwasahihisha mara kwa mara, maana ilimbidi achungulie juu ya mabega yao. Wa upande wa ziwa hawakumpa taabu. Herufi zao zilimtazama yeye moja kwa moja, zimesimama wima, safi. “Mnaona wenzenu wa ziwani wanavyoandika?” alikuwaga anawaambia wa kanisani. “Mnaona Recho?”

Leo aliyasema hayo hayo, na alikuwa bado hajamaliza pikipiki ikalia juu ya mteremko.

Aliyeshuka alikuwa Madamu Hilda, afisa elimu wa kata, mwanamke mnene wa miaka hamsini hivi, na viatu alikuwa amevibeba mkononi kwa sababu ya tope. Ujumbe ulikuwa umesema atakuja Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi.

“Ratiba imebadilika, mwalimu,” alisema hata kabla ya salamu kuisha. “Mfumo unafungwa leo saa kumi. Na gari la mwisho la mjini linanipita barabarani saa nane, mimi nalala Buhare, kule mjini. Kwa hiyo twende haraka.”

Pelagia alijua ni upimaji gani. Kila shikizi ilikuwa inapimwa kama watoto wanatambua herufi na kuziandika. Ikipita, darasa linabaki na linaongezewa mwalimu wa serikali. Isipopita, watoto wanaunganishwa na shule mama.

“Wangapi wanatakiwa, Madamu?”

“Asilimia sabini. Una thelathini na mmoja? Basi ishirini na wawili.”

Ishirini na wawili. Pelagia alipumua. Kwa watoto wake angeweza kuapa hata kwa ishirini na nane.

Madamu Hilda alitafuta upepo, akauona upande wa ziwa. Akachukua kigoda, akapita chini ya bati lililoinama, akaketi na kuyapa maji mgongo. Mbele yake aliweka kishikwambi, fomu moja ya karatasi, na kadi yenye herufi kumi, ameielekeza kwa mtoto atakayesimama ng’ambo ya pili ya meza. Watoto wote waliambiwa wakae nje, waje mmoja mmoja kwa majina ya daftari la mahudhurio.

Wa kwanza alikuwa Clever, mtoto wa mwenyekiti wa kitongoji. Alisimama upande wa kanisa, akazisoma herufi zote kumi kama mtu anayeita mbuzi wake. Kisha akapewa penseli, akaandika *a* na *m*. Kidole cha Madamu kikagusa kishikwambi. *Anajua*.

“Mwingine.”

Akaja Jenipher. Alisimama pale pale, akaitazama kadi. Madamu akagonga herufi ya kwanza kwa kucha. Jenipher akatazama chini.

“Hii je?” Ilikuwa *u*.

“Ne,” akasema Jenipher.

“Na hii?” Ilikuwa *d*.

“Pe.”

*Hajui*.

Pelagia alishtuka lakini akajipa moyo. Mtoto ameogopa mgeni. Huwa inatokea. Baada ya hapo wakapita wawili vizuri, halafu akaja Mugeta, ambaye hajawahi kumwogopa mtu yeyote, hata mamba. Kwenye *m* akasema “we”. Kwenye *u* akasema “ne”. *o* na *s* alizipata, nyingine akatikisa kichwa kwa hasira, kana kwamba mtu amemchezea mchezo mchafu. *Hajui*.

“Mwalimu,” alisema Madamu Hilda bila kuinua macho, “hawa umewafundisha lini?”

“Tangu Januari, Madamu.”

“Mh.”

Akaitwa Recho. Alikuja na gauni la kaka yake lisilo gauni, yaani shati la shule la Fredi, lililomfika magotini. Pelagia alimtazama na moyo ukatulia. Huyu alikuwa anaandika jina lake zima, herufi tano, tangu mwezi wa saba. Huyu hata usingizini.

“Anza.”

Recho aliitazama kadi. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Akaupeleka mkono aigeuze kadi.

“Haigeuzwi,” Madamu akaibana kwa kiganja. “Soma hivyo hivyo.”

“Ne,” Recho alisema kwa *u*. “Pe,” akasema kwa *d*. “De,” akasema kwa *p*. “We...”

Hapo ndipo Pelagia alipoelewa. Aliwaona mbele ya macho yake, Jenipher, Mugeta, Recho, wakiwa wamesimama na ziwa mgongoni. Miezi tisa. Miezi tisa kitabu kilikuwa kimemwelekea yeye, na wao walikuwa wanakiona kutokea kichwani, *u* ikionekana kama *n*. Walichokiona ndicho walichokichora, wala hawakukosea hata mstari mmoja. Herufi zile safi alizokuwa akizisifu zilikuwa safi kwake yeye tu. Alijisikia aibu iliyomchoma mpaka masikioni, halafu nyuma ya aibu ikaja hasira, maana hakuwa ameomba mengi. Mara mbili alikwenda kuomba vitabu. Mara mbili aliambiwa mgao bado.

“Madamu, naomba kidogo.”

“Usimsemeshe mtoto wakati wa upimaji.”

“Simsemeshi yeye. Nakuomba wewe. Hawa wanajua. Wanajua kutokea huko ulikokaa.”

Madamu Hilda akainua macho. Pelagia akaeleza, haraka haraka, maneno yakigongana, kitabu kimoja, pande mbili, bati lililoinama. Madamu alisikiliza na uso wake ukawa unakunjamana kidogo kidogo.

“Yaani umewafundisha kichwa chini?”

“Kitabu ni kimoja, Madamu! Kimoja! Mtu mwenye kitabu kimoja anakiweka kinatazama wapi?”

“Muongozo unasema kadi haigeuzwi. Kujua karatasi inakaaje nayo ni sehemu ya upimaji.”

“Sawa. Basi usiigeuze. Iache hivyo ilivyo.” Pelagia akamshika Recho bega. “Recho, mama, nenda mahali pako.”

Mtoto hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alizunguka meza, akapita chini ya bati bila hata kuinama, akasimama begani kwa Madamu Hilda, pale pale aliposimama kila siku tangu Januari. Akaitazama kadi iliyokuwa inawatazama watu wa ng’ambo.

“U. De. Me. A. Pe. O. Ke. E. Se. Te.”

Alizisoma zote bila kuvuta pumzi. Madamu Hilda akaziba tatu kwa kidole gumba, akaonyesha ya katikati. Recho akaitaja. Akaonyesha ya mwisho. Akaitaja. Madamu akamwita Mugeta arudi, na Mugeta akaja mbio, akasoma kwa sauti ya kumkomoa mtu. Akaja Jenipher. Kisha wakaja wale ambao hawajaitwa bado, mmoja mmoja, wa kanisa wakisimama upande wa kanisa, wa ziwa wakibanana na mgeni kwenye kigoda chake, na kwa muda wa saa nzima pale chini ya bati hapakusikika kitu ila herufi na mawimbi. Kati ya wale kumi na watano wa upande wa ziwa, kumi na wanne walisoma zote.

Masatu alikuwa amefika katikati ya mambo hayo, ametoka mwaloni wanakopakua samaki, magamba yameng’ang’ania mikononi. Alisimama kwenye nguzo, kofia mkononi.

“Wanajua,” alisema Madamu Hilda mwishowe, kwa sauti ndogo, kama anajisemea.

“Ahsante, Madamu.”

“Usinishukuru.” Alikuwa anatazama kishikwambi. “Mfumo una vitufe viwili, mwalimu. *Anajua kwa mkao sahihi wa kadi*. *Hajui*. Hakuna cha tatu.”

“Bonyeza anajua.”

“Kata ya jirani kuna mwenzangu alibonyeza anajua. Aliwaonea walimu huruma. Wakaja wakaguzi kurudia upimaji, hawakukuta kitu. Sasa hivi yuko nyumbani anafuga kuku. Hawa wakirudiwa na mtu mwingine, mezani, uso kwa uso, watasema nini? Ne na pe.”

“Wiki mbili,” Pelagia alisema. “Nipe wiki mbili tu, nitawageuza wote. Herufi wanazo, Madamu. Kinachotakiwa ni kuhamisha miguu.”

“Si mimi ninayefunga. Saa kumi mfumo unafungwa. Ukifungwa hata mkurugenzi haufungui.”

Ndipo Masatu alipoondoka kwenye nguzo.

“Samahani, Madamu. Mimi ni baba yake huyu.” Alimwonyesha Recho kwa kofia. “Sijasoma sana, nisaidie tu. Mwanangu anajua au hajui?”

Madamu Hilda alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtia Pelagia uchungu zaidi, maana mtu mbaya angalau angeweza kumtukana akapata nafuu.

“Anajua, baba. Ila hapa anasomeka hajui.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo Jumatatu wanaripoti shule mama. Wote. Hata hao waliofaulu, maana darasa halibaki nusu.”

“Kupitia kijitoni.”

“Maombi ya kivuko yameshapelekwa.”

“Yalikuwaga yameshapelekwa hata mwaka ule,” alisema Masatu. Hakupaza sauti. Aliweka kiganja juu ya meza, kwenye rangi ya bluu, akakiacha hapo. “Maji hayamwulizagi mtoto kama anajua kusoma, Madamu. Nilitoa mbao hizi ili yasipate nafasi ya kumwuliza.”

Kidole cha Madamu Hilda kilikaa juu ya kioo, kikakaa, kisha kikaanza kugusa. *Hajui*. *Hajui*. *Hajui*. Mara kumi na tatu, juu ya zile mbili za mwanzo. Pelagia alizihesabu zote, kama mtu anayehesabu viboko vyake mwenyewe. Kumi na sita kati ya thelathini na mmoja. Kishikwambi kikaonyesha rangi nyekundu na kutoa mlio mdogo wa furaha, maana kilitengenezwa kulia hivyo kazi ikikamilika.

Saa saba na robo. Dereva wa bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki juu barabarani.

Madamu Hilda aliisogeza ile fomu ya karatasi hadi ng’ambo ya meza. Juu yake alikuwa ameshaandika matokeo. “Saini hapa, mwalimu. Na hapa chini kuna sehemu ya maoni yako. Ukitaka andika, usipotaka acha wazi. Wengi huwa wanaacha wazi.”

“Nisiposaini?”

“Nitaandika mwalimu amekataa kutoa ushirikiano. Utakuwa umenisaidia mimi kumaliza haraka, na wewe na hawa mtakuwa mmeharibiwa faili. Hata kivuko hamtasikilizwa.”

Mwenye nguvu mpishe, walisema wazee, na Pelagia alikuwa anapisha tangu amalize shule. Alichukua kalamu akasaini. Saini ikatoka imepinda. Kisha akaitazama ile sehemu ya maoni, kisanduku cheupe cha upana wa vidole vinne. Alifikiria kuandika juu ya kitabu. Alifikiria kumwandika Fredi. Alijua atakayeisoma huko mjini, kama yupo, ameshasoma maneno kama hayo mpaka yamemchosha.

Badala yake akaiacha fomu pale pale ilipo, ikimtazama yeye, akanyoosha kalamu ng’ambo ya meza.

“Recho. Andika jina lako ndani ya hiki kisanduku.”

“Mwalimu!” Madamu Hilda alinyanyuka, akagonga kichwa kwenye bati. “Huo ni waraka wa ofisi. Na ni nakala moja tu niliyonayo!”

Recho alikuwa ameshaishika kalamu. Hakuwahi kushika kalamu ya wino. Aliikamata kama kijiti cha kugeuzia dagaa, akainama mpaka pua ikakaribia karatasi, ulimi nje, akaanza kuandika. Watoto wa upande wake walisogea wakamzunguka. Mugeta alikuwa anamtajia kwa mnong’ono, naye akamsukuma kwa kiwiko, hataki kutajiwa.

“Karatasi haigeuzwi,” alisema Madamu Hilda. Alikuwa ameshika kichwa alipoumia.

“Hajaigeuza, Madamu,” alisema Pelagia. Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko alivyotegemea. “Iko vile vile ulivyoiweka.”

Recho alimaliza. Akainuka, akamrudishia mwalimu kalamu, akamtazama baba yake. Masatu alikuja, akatazama kisanduku kutokea upande wa kanisa. Akazunguka, akainama chini ya bati, akatazama tena kutokea pale alipokuwa amesimama mwanawe. Alikaa ameinama hivyo kwa muda, mtu mzima na magamba yake mikononi.

“Limekaa vizuri,” alisema.

Madamu Hilda aliivuta fomu. Juu palikuwa na mhuri, tarehe, kumi na sita kati ya thelathini na mmoja, na saini iliyopinda. Chini, kwenye maoni ya mwalimu, palikuwa na herufi tano nene za wino wa bluu, zimesimama kwa vichwa vyao kama fomu yote, maana yeye alikuwa upande wa ziwa. Alizitazama. Honi ya pikipiki ililia huko juu, mara moja, mara mbili. Akaishika fomu kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma: *Recho*.

Kisha akaikunja akaitia mkobani, akabeba viatu mkononi kwa ajili ya tope, akaanza kupanda mteremko. Watoto wa upande wa ziwa walikuwa bado wamesimama mahali pao, wanangoja kuendelea na herufi ya leo.